Kusimama kutoka kitini baada ya kiharusi

Kiharusi kilipolegeza mguu wangu wa kushoto, zoezi lililonirudisha chooni bila kubebwa lilikuwa moja tu: kusimama na kukaa. Mtaalamu wa fiziotherapia akukague kwanza. Kisha tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kikiwa juu kidogo ni rahisi zaidi. Mimi nilianza na mto mgumu juu yake.

Sogea mpaka ukingoni. Vuta miguu nyuma, visigino vipite magoti, na mguu dhaifu uwe nyuma kidogo kuliko mzima. La sivyo ule mzima utafanya kazi yote (una kiherehere huo!). Fumbata viganja, inama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo usukume sakafu. Mimi nilikuwa najinyanyua wima tu, narudi kitini pu! kama gunia.

Kukaa ndiko kugumu: shuka polepole ukihesabu hadi 4. Fanya mara 5, pumzika, rudia. Msaidizi asimame upande dhaifu, akushike kiunoni. Asivute mkono uliopooza, maana bega huumia upesi. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, acha na umwite mtu.