Kabla ya Kwenda Kuonja Vinywaji Mare Island

Mtu akiniambia Jumamosi hii anakwenda Mare Island kuonja, swali langu la kwanza huwa: utarudije? Kwenda ni rahisi. Boti ya abiria inaondoka Ferry Building pale San Francisco, na baada ya saa moja hivi uko mji wa Vallejo, unatazamana na kreni za iliyokuwa karakana ya jeshi la majini ng'ambo ya maji. Kazi iko jioni, bia ikishaingia na wiski ikaifuata, maana boti haimngoji mtu.

Mimi na binamu yangu tuliwahi kuiona boti ya mwisho ikigeuza na kuondoka, sisi tuko ng'ambo bado tunabishana ipi kati ya bia zetu ilikuwa tamu zaidi. Teksi ya kuturudisha Oakland usiku ule ilikula pesa kuliko vinywaji vyetu vyote vya mchana. Tangu siku hiyo saa ya boti ya mwisho naiandika kwenye karatasi na kuitia mfukoni, kwa sababu simu huisha chaji. Ratiba ya wikendi si ile ya siku za kazi, nayo hubadilika kwa misimu, kwa hiyo itazame wiki ileile unayokwenda. Angalia pia boti yako inaishia wapi: baadhi ya safari hufika hadi Mare Island penyewe, nyingine huishia gati la Vallejo mjini.

Ukishukia mjini, bado hujafika. Mare Island inaitwa kisiwa, lakini ni rasi yenye urefu wa kilomita 5 na ushei, na njia ya kuingilia kutoka mjini ni daraja. Kwa miguu ni mwendo wa kutosha, hasa jua likiwa kali, kwa hiyo kubaliana mapema na wenzako kama mtaita teksi ya simu au mtatembea. Baiskeli zinaruhusiwa kwenye boti na barabara za kule ni tambarare, ila jua kwamba California kuendesha baiskeli umelewa ni kosa kisheria. Baiskeli ni nzuri ya kwendea. Kwa kurudia, inategemea umekunywa nini.

Kisha hakikisha mlango utaukuta wazi. Sehemu hizi za kuonja si baa za mtaani zinazofunguliwa kila siku. Nyingi hutegemea mwisho wa wiki, na kwa kuwa zimo ndani ya majengo ya fahari yenye mandhari ya maji, hukodishwa kwa harusi na sherehe. Unaweza kusafiri saa moja na nusu ukakuta mlango umepambwa maua na bwana harusi wa watu. Piga simu au tazama tangazo lao la wiki hiyo. Kama mko zaidi ya watu sita, omba nafasi kabla.

Mimi huanza na bia kwenye mabanda ya makaa ya mawe, kwa Mare Island Brewing Company. Mabanda haya yako ukingoni mwa maji kabisa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhifadhi makaa ya kulisha manowari za mvuke. Ukikaa nje na glasi yako unaona maji palepale zilipofunga meli hizo. Majina ya bia zao yametoka kwenye historia ya karakana. Iko inayoitwa Saginaw, jina la meli ya kwanza kabisa kuundwa hapa, iliyoshushwa majini mwaka 1859. Mwaka 1870 meli hiyo ilipasuka kwenye miamba ya kisiwa cha Kure, mbali kule Pasifiki. Mtu akijua hilo kabla ya kuagiza, kinywaji chenyewe kinapata uzito mwingine.

Kwenye barabara ya Nimitz, ileile ya mabanda, inayofuata ukingo wa maji, ndipo Savage & Cooke walipoweka kiwanda chao cha pombe kali ndani ya majengo ya kale ya jeshi. Mwanzilishi wake ni Dave Phinney, mtengenezaji mvinyo wa Napa, bonde la mvinyo lililo jirani, na mkono wake unaonekana: wiski yao, baada ya kukomaa, humaliziwa ndani ya mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo. Sisi tuliokulia karibu na chang'aa na gongo tunaingia mle na elimu ambayo wageni wengine hawana. Kanuni ni ileile. Togwa la nafaka linachachushwa, linapashwa moto, kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78 kabla ya maji kufika 100, mvuke unapita kwenye bomba, unapozwa, unadondoka. Tofauti iko kwenye shaba, ambayo hunyonya harufu ya kiberiti. Iko kwenye uangalifu wa kutenga matone ya kwanza na ya mwisho yasiingie kwenye chupa. Na iko kwenye pipa. Kwa sheria ya Marekani, pombe haiwezi kuitwa bourbon mpaka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na ikae ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani likawa jeusi. Mahindi, nafaka yetu ya ugali. Mpe mwenzako harufu ya glasi ile kabla hujamwambia imetokana na nini, umsikie atasema nini.

Hapo kwenye glasi ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Vionjo huonekana vidogo mno, na mtu hujiambia hajanywa kitu. Hesabu ya Marekani ya kinywaji kimoja ni gramu 14 za kilevi halisi. Hicho ni kiasi kilichomo kwenye mililita 355 za bia ya asilimia 5, au mililita 148 za mvinyo wa asilimia 12, au mililita 44 tu za pombe kali ya asilimia 40. Sasa chukua ubao wa glasi nne ndogo za bia, kila moja mililita 120. Umeshapata karibu nusu lita. Kama bia hizo ni za asilimia 7, na za aina hiyo hazikosekani, tayari una vinywaji karibu viwili mwilini na hujavuka barabara kwenda kwenye wiski. Mwili nao hutoa takriban kinywaji kimoja kwa saa, hauharakishwi kwa kahawa wala kwa maji baridi usoni. Ndiyo maana nasema panga sehemu mbili kwa mchana mmoja, tatu zikizidi sana, na kati ya moja na nyingine weka saa nzima ya kutembea na chupa ya maji mkononi.

Kula kabla ya kuondoka nyumbani, mlo wa kushiba kweli. Ukifika agiza chakula pamoja na glasi ya kwanza, usingoje ya pili. Anayetumia dawa amuulize mfamasia siku chache kabla. Ziko dawa za kawaida kabisa, kama metronidazole tuliyoizoea kwa jina la Flagyl, ambazo wagonjwa huambiwa wasichanganye na pombe.

Namna ya kuonja pia ni maandalizi, maana ukiijua hutakunywa kwa pupa. Anza na vyepesi uende kwenye vikali, kwani ukianza na wiski, bia itakayofuata itakuwa kama maji. Pombe kali usiinuse kwa kuzamisha pua. Isogeze glasi taratibu, mdomo wazi kidogo, la sivyo kilevi kitakuchoma na hutasikia kingine. Chukua tone dogo, liache litambae ulimini. Kisha dondoshea maji kidogo, uonje tena: harufu iliyokuwa imejificha hufunguka. Utaona pia chombo cha kutemea juu ya meza. Kwetu kutema mbele ya mwenyeji ni utovu wa adabu, najua, na mara ya kwanza nilishindwa. Lakini kule ni ustaarabu wa kazi yenyewe. Waonjaji wenye ujuzi hutema mchana kutwa na hakuna anayegeuza shingo. Kitumie bila aibu.

Kitambulisho usikisahau. Umri wa kunywa ni miaka 21, na hata mwenye mvi huulizwa. Mgeni kutoka nyumbani abebe pasipoti yenyewe, kwa kuwa picha kwenye simu inaweza kukataliwa.

Kuhusu usukani sina maneno laini. Kiwango cha kosa California ni asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu, 0.04 kwa wenye kuendesha magari ya biashara, na unaweza kushtakiwa hata chini ya hapo kama uendeshaji wako umeathirika. Kwa sisi wageni kuna la ziada ambalo halisemwi vya kutosha kwenye vikao vyetu: kukamatwa tu kwa kuendesha umelewa, kabla hata ya hukumu, kunaweza kufanya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ifute viza yako. Na anayeomba uraia akikutwa na hatia mbili za aina hiyo katika miaka inayochunguzwa, huhesabiwa kuwa hana tabia njema mpaka athibitishe vinginevyo. Nimeona vijana wakijenga maisha hapa kwa miaka kumi. Yasipotee kwa glasi moja ya kuagana.

Kama mna mwenzenu asiyekunywa, iwe kwa dini au kwa hiari yake, msimgeuze dereva kwa kudhani tu. Muulizeni, mlipieni chakula na mafuta, na mpange safari iwe na kitu chake pia. Mare Island ina vitu vyake vingi. Karakana ilianzishwa mwaka 1854 chini ya ofisa wa majini David Farragut, ya kwanza ya jeshi la majini la Marekani upande wa Pasifiki, na ilifungwa mwaka 1996. Humu ndimo meli Ward ilipojengwa mwaka 1918 kwa siku 17 tu tangu kulazwa mkuku hadi kushushwa majini. Na ndiyo iliyofyatua risasi ya kwanza ya Wamarekani Pearl Harbor asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941. Nyambizi 17 za nyuklia zilitoka hapa. Wakati wa Vita vya Pili watu zaidi ya 40,000 walikuwa wakiingia kazini hapa.

Kwa hiyo fika asubuhi, tembea kwanza, kunywa baadaye. Tafuta gudi la kwanza, yaani bwawa kavu la kutengenezea meli, lile la mawe ya granite lililokamilika mwaka 1891. Kuta zake zimeshuka ngazi kwa ngazi, kila jiwe limekatwa likakaa juu ya mwenzake, ili mafundi wasimame kwenye kimo chochote cha tumbo la meli. Mtu aliyeona jahazi likipandishwa ufukweni kwa magogo na nyimbo atasimama pale kwa muda. Kanisa la Mtakatifu Petro la mwaka 1901 lina madirisha ya vioo vya rangi vya kampuni ya Tiffany, lakini halifunguliwi ovyo, ulizia. Upande wa kusini kuna hifadhi yenye makaburi ya jeshi, na humo wamelala mabaharia wa Kirusi waliokufa wakisaidia kuzima moto San Francisco mwaka 1863. Nako kuna saa zake.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Njia zina reli za zamani zilizozama kwenye lami, vyuma na kokoto. Tetemeko la tarehe 24 Agosti 2014 liliathiri majengo kadhaa, na mengine yameachwa tangu jeshi liondoke. Penye uzio usipenye kutafuta picha. Jeshi liliacha hapa taka za viwandani na masalia ya risasi ambayo usafishaji wake umechukua miaka mingi. Beba sweta hata Julai. Mchana kutwa utachomwa na jua, kisha alasiri upepo wa ghuba unapita mlango wa mto kama umefunguliwa, na kwenye boti ya kurudi utaitafuta nguo hiyo.

Ukinunua chupa, iache na lakiri yake. Ndani ya gari chupa iliyofunguliwa ni kosa, hata kama imeshikwa na abiria. Iende kwenye buti. Anayepeleka zawadi nyumbani aiweke kwenye begi la kukabidhi, kwenye kasha lake la dukani: kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 hadi 70, mwisho ni lita 5 kwa abiria, na kilichozidi 70 hakipandi ndege kabisa. Forodha za Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima lita moja ya pombe kali, au mbili za mvinyo, bila ushuru. Chupa izungushie kanga mbili na kuiweka katikati ya begi, mbali na magurudumu.