Konokono darasani: jinsi ya kuanza na watoto wa chekechea

Walimu wengi wakisikia mnyama darasani wanawaza sungura au kobe, mi nasema anza na konokono. Hang'ati, hapigi kelele, na ule mwendo wake wa pole ndo unampa mtoto wa miaka 4 muda wa kuona vitu. Kobe kwa walio chini ya miaka 5 simshauri kabisa, anabeba salmonela (bakteria wa kuharisha) na watoto wa umri huo mikono haitoki mdomoni.

Tafuta boksi la plastiki linaloonyesha ndani, mfuniko utoboe matundu madogo na ufunge kweli maana usiku ndo anaamka na kupanda kuta. Weka udongo wenye unyevunyevu (unyevu, sio matope), majani makavu ya kujifichia, mbali na jua la dirishani. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa yawepo muda wote, gamba lake linajengwa kwa kalsiamu. Chumvi isimkaribie, inamuua.

Sasa kuangalia, na hapa usiwahi kutoa majibu. Mpandishe kwenye kipande cha plastiki safi kilicholowa, kiinue watoto wachungulie kwa chini, wataona kama mawimbi yanapita tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani. Uliza "anatembeaje bila miguu?" halafu nyamaza. Kweli, nyamaza, hata ukimya ukizidi. Kuna atakayeona kwamba pembe ziko nne, ndefu mbili zina macho nchani, fupi ni za kunusa na kupapasa, na wakishagundua macho yanazama ndani akiguswa watataka kumgusa mpaka basi, kwa hiyo hapo hapo uliza akificha macho anatuambia nini. Sheria ya darasa ikatoka kwao wenyewe: akijikunja, tunamwacha.

Wanachopenda kuliko vyote ni kinyesi, usione aibu. Mlisheni karoti tu siku mbili tatu, kitatoka cha rangi ya chungwa, badilisheni mpe tango kinageuka kijani. Wachore kwa rangi kwenye chati, wabashiri cha kesho kitakuwaje, hiyo ndo sayansi yenyewe.

Zamu iwe ya watoto wawili, mmoja anapuliza maji, mwingine anatoa chakula kilichonyauka. Akisahau mkumbushe, usimfanyie, ila wewe kagua jioni. Kabla ya kumshika walowanishe mikono kwa maji matupu, wasimvute kwa gamba, baadaye wanawe kwa sabuni bila mjadala.

Likizo ikifika mrudisheni palepale mlipomwokota. Kama ni wa kununuliwa usimwachie nje, konokono wageni wameharibu mazao nchi nyingi. Na akifa, sema amekufa, usiseme amelala, maana kuna mtoto ataogopa kwenda kulala.