Somo: Gauni la mama kijacho, kuanzia mwezi wa tano hadi wakati wa kunyonyesha

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, fundi niliyempelekea kitambaa alinizungushia futi kamba tumboni mara moja, akaandika namba, kisha akanishonea gauni la saizi mbili zaidi ya yangu. Tumbo liliingia, lakini mabega yalianguka, shingo ikawa inafunguka kila nikiinama, makwapa yakashuka hadi mbavuni, na pindo la mbele likapanda juu ya magoti huku la nyuma likigusa muundi. Nililivaa mara mbili tu. Tangu nianze kuwashonea kina mama wajawazito, kila gauni naanza na kile alichokisahau yule fundi: mabega ya mjamzito yako palepale. Nafasi inatakiwa kwenye kifua, mbavu na tumbo. Na tumbo linadai urefu wa mbele kabla halijadai upana.

Jambo la urefu jaribu mwenyewe nyumbani. Jifunge taulo kifuani lining'inie, kisha ingiza mto mbele ya tumbo. Utaona pindo la mbele linapanda hapohapo, kwa sababu kitambaa sasa kinapita juu ya mlima badala ya kushuka wima. Ukiongeza upana peke yake, pindo halishuki hata kidogo. Tatizo hili limesumbua watu kitambo. Mwaka 1938 ndugu wawili wa Dallas, Marekani, Edna na Elsie Frankfurt, walianzisha kampuni ya Page Boy kwa sketi yenye tundu mbele: tumbo linapita kwenye tundu, blauzi ndefu inafunika, na sketi inabaki imeshika kiunoni bila pindo kupanda. Sisi hatutatoboa tundu, ila tatizo tunalotatua ni lilelile.

Kabla ya mkasi, ujue mwili unaelekea wapi. Mfuko wa uzazi hufika usawa wa kitovu karibu na wiki ya 20, na kwenye wiki ya 36 unakaribia mfupa wa kifua. Wiki za mwisho mtoto hushuka kwenye nyonga, hasa mimba ikiwa ya kwanza, na tumbo linashuka naye. Mbavu nazo hutanuka, mzunguko wake ukiongezeka kwa sentimita 5 hadi 7. Hapa ndipo mafundi wengi huteleza, maana wanakata gauni chini ya matiti wakidhani pale mwili hautabadilika, kisha mwezi wa nane mama analalamika kwamba hapumui vizuri na kiungulia kimezidi. Matiti huongezeka mapema, na huongezeka tena maziwa yakishaingia. Mgongo wa chini hupinda kwa ndani kusawazisha uzito wa mbele. Joto la mwili pia huwa juu kuliko kawaida, na jasho linatoka hata mama akiwa ameketi.

Hatua ya kwanza: kitambaa

Chagua pamba laini au viskosi inayodondoka. Kitambaa kikavu kinachosimama chenyewe kitafanya marinda yavimbe na mama aonekane mkubwa kuliko alivyo. Kinachovutika kidogo ni kizuri, mradi kirudi mahali pake ukikiachia. Kivute kipande cha upana wa kiganja, kiachie, uangalie. Kikibaki kimelegea, baada ya wiki chache gauni litakuwa na mfuko tumboni. Kabla ya kukata, kifue na ukipige pasi, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa, na gauni la mjamzito hufuliwa mara nyingi mno.

Hatua ya pili: vipimo

Mpime akiwa amesimama kama anavyosimama siku zote, bila kujivuta. Chukua bega kwa bega, kifua, chini ya matiti, na tumbo mahali lilipotokeza zaidi. Halafu vipimo viwili ambavyo watu wengi huviruka. Cha kwanza, kutoka chini ya matiti kupita juu ya tumbo hadi pindo litakapofika. Cha pili, urefu huohuo kwa nyuma. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo urefu wa mbele unaodaiwa leo. Mwishoni aketi, umpime tena tumbo, kwani akiketi linapanuka.

Pindo lisivuke katikati ya muundi. Mwezi wa nane mama haoni miguu yake mwenyewe, na gauni linaloburura kwenye ngazi ni hatari. Hapo sibadilishi hata mteja akiniomba.

Nitatumia mfano wa mama wa mwezi wa tano: chini ya matiti sentimita 86, tumbo 98, urefu wa nyuma 90, urefu wa mbele 94.

Hatua ya tatu: kipande cha juu

Tunakata sehemu ya mbele ya kupishana, kushoto juu ya kulia, ili gauni hilihili limfae akinyonyesha. Mabega na makwapa kata kwa saizi yake ya siku zote. Chini ya matiti mpe sentimita 94 kuzunguka mwili, yaani 86 na nyongeza ya 8: mbavu zitakazotanuka pamoja na nafasi ya kupumua. Gawa 48 mbele na 46 nyuma. Nafasi hiyo ikizidi kwa sasa, kanda mbili za kitambaa zinazotoka ubavuni na kufungwa mgongoni zitaichukua, na atazilegeza kadiri siku zinavyokwenda.

Vile vipande viwili vya mbele vipishane angalau sentimita 15 pale chini, vinginevyo vitafunguka akiinama. Sasa angalia ule ukingo wa shingo unaoshuka mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika chenyewe, na ukikiacha hivyo kitapwaya kama mdomo wa mfuko. Chukua kanda nyembamba ya pamba, ikate fupi kuliko ukingo kwa sentimita moja, ibane kwa pini mwanzo na mwisho, kisha ishone kwa ndani ukivuta kanda taratibu ili kitambaa kikae juu yake bila kukunjamana. Sentimita moja hiyo ndiyo inayofanya ukingo ushike kifua. Ukimaliza, upige pasi kwa kubonyeza, usiiburure.

Hatua ya nne: sketi

Kipande cha nyuma kina upana wa 46 juu, kinapanuka kidogo kwenda chini. Cha mbele kata 77. Kitaingia kwenye 48 ya kipande cha juu, lakini marinda usiyatawanye. Acha sentimita 9 kila upande zikae bapa, na zile 59 za katikati uzikusanye ziingie kwenye 30. Marinda yakikaa katikati kitambaa kinafuata tumbo, na ubavuni gauni linabaki jembamba. Jumla juu una 123. Tumbo likifika 112 mwezi wa tisa bado lina nafasi. Hayo ni kabla ya nafasi ya mshono. Ongeza sentimita moja na nusu kila ukingo, na ubavuni weka tatu ili pawe na pa kufumulia.

Sasa urefu. Nyuma na ubavuni kata 93, yaani 90 na upindo wa 3. Mbele, katikati kabisa, kata 102, kisha chora mkunjo mpole wa kupanda hadi 93 ubavuni. Upindo wa mbele utakuwa 8 katikati ukipungua hadi 3 pembeni, kwa hiyo leo gauni linakaa kwenye 94 anayoihitaji. Mwezi wa saba au wa nane pindo likianza kupanda, fumua, shusha upindo wa katikati hadi 3, umepata sentimita 5 nyingine. Upindo huu shona kwa mkono, kwa mishono milegevu. Mshono wa cherehani ukiufumua huacha mstari wa vitundu.

Hatua ya tano: kuunga na kujaribisha

Shona mabega, tia mikono, pishanisha mbele na upige bandi, yaani mishono mirefu ya muda kwa mkono. Kusanya marinda kwa nyuzi mbili zinazokwenda sambamba (uzi mmoja hukatika katikati ya kazi), kisha unga sketi kwa bandi tu. Usipige cherehani bado. Mvalishe, mfungie mto mdogo tumboni kwa kanga au shuka, atembee, aketi, ainue mikono, ainame kuokota kitu. Tazama pindo kwa ubavu: likiwa limepanda mbele, bado unadaiwa urefu. Ingiza vidole viwili chini ya matiti akiwa ameketi. Visipoingia kwa raha, panua. Akiridhika, shona.

Mishono ya ndani ifungwe vizuri. Ngozi ya tumbo ikivutika huwasha, na kingo za nyuzi zinazokwaruza humkosesha raha kutwa nzima. Weka na mifuko ubavuni. Hakuna mama niliyemshonea akajutia mifuko.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, asante kwa somo. Mimi nina mimba ya mapacha, miezi mitano. Nifuate vipimo hivyohivyo?

Jibu: Hongera sana mama kijacho. Mpangilio ni uleule, ila tumbo lako litatangulia. Upana wa mbele usiishie kwenye 77, nenda hadi 90 kama kitambaa kinaruhusu, na akiba ya upindo iwe sentimita 8 badala ya 5. Usishone magauni mengi kwa mkupuo. Shona moja, uone mwezi ujao mwili umefika wapi.

Swali: Mwalimu, mimi ni fundi wa kiume. Kina mama wajawazito wakija naona haya kuwapima, hasa pale chini ya matiti. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, umefanya vizuri kuuliza. Mweleze kila kipimo kabla hujasogea, kisha mwachie ashike futi kamba mwenyewe: yeye anaizungusha chini ya matiti, wewe unasoma namba kwa mgongoni. Akija na mtu wake, mtu huyo amsaidie. Usiseme neno lolote juu ya ukubwa wake, hata la kumsifu. Mpe kiti kati ya kipimo na kipimo, kusimama kunamchosha.

Swali: Gauni nimelipenda ila kazini navaa suruali. Naweza kuigeuza niliyonayo?

Jibu: Unaweza. Ivae, chora kwa chaki mstari unaoanza ubavuni kiunoni na kushuka mbele hadi chini ya tumbo, ukiuacha mgongo juu kama ulivyo. Kata hapo, utoe na zipu. Badala yake shona kipande kipana cha kitambaa kinachovutika kinachopanda kufunika tumbo lote; kipande chembamba cha chini ya tumbo hujikunja na kukata ngozi. Tumia sindano ya ncha butu na mshono wa zigizaga, la sivyo uzi utakatika siku ya kwanza utakapochuchumaa. Kama unatia lastiki, chagua ile yenye matundu ya kufungia kifungo kwa ndani, uilegeze kila baada ya wiki chache.

Swali: Samahani dada, mimi huwa naongeza ule urefu juu, kwenye mshono wa chini ya matiti, si kwenye pindo. Nakosea?

Jibu: Hukosei hata kidogo shoga yangu, na tumbo likikaa juu njia yako hudondosha marinda vizuri zaidi. Mimi nauweka chini kwa sababu mteja anaweza kuufumua mwenyewe nyumbani. Akiba ikiwa juu, kuishusha ni kufungua mshono mkuu wa gauni, na mwezi wa nane hana nguvu za kurudi kwa fundi.

Swali: Kwa nini nisivae tu gauni pana la kuporomoka kutoka mabegani? Linafunika kila kitu.

Jibu: Vaa, hasa nyumbani na usiku. Ila akina mama wengi wameniambia kwamba ndani ya gauni lisilo na umbo wanahisi wamepotea. Ukitaka libaki hilohilo, lipe zile kanda mbili za kufungia mgongoni na uongeze urefu wa mbele. Yanatosha.

Swali: Mimi nina wiki 33. Gauni langu lina mikono mirefu, wiki iliyopita ilikuwa sawa, tangu jana inabana na pete haitoki. Nipanue mikono kwa sentimita ngapi?

Jibu: Dada yangu, weka mkasi chini kwanza. Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wengi, lakini mikono au uso kuvimba ghafla namna hiyo kunaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu la ujauzito. Nenda leo ukapimwe shinikizo na mkojo, na kama kichwa kinauma sana, unaona ukungu au unaumwa chini ya mbavu, nenda sasa hivi. Mikono ya gauni tutaipanua ukirudi.

Swali: Nikishajifungua, lile gauni litanipwaya tumboni?

Jibu: Wiki za mwanzo halitapwaya sana, maana mfuko wa uzazi huchukua kama wiki sita kurudi ulivyokuwa. Baadaye kaza kanda za mgongoni, upandishe tena upindo wa mbele uwe 8. Pale shingo inapopishana ongeza kifungo cha kubana, kimoja tu, kiwe upande wa chini, ili ukifungue kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba mtoto.