Kuhakiki jaribio la nguzo ya zege kwa mzigo wa kwenda na kurudi katika programu ya uchambuzi

Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, linatosha kumwonyesha mhandisi wa Mwanza kwamba majengo ya mwambao wa Ziwa Victoria hayapaswi kupimwa kwa mzigo wa wima pekee. Maabara husukuma na kuvuta kichwa cha nguzo ili kuiga mtikisiko huo, na programu za kompyuta kama OpenSees, zinazokokotoa jinsi muundo unavyobeba mzigo, husaidia kuhakiki matokeo. Mfano wetu ni nguzo iliyoshikwa chini na kuachwa huru juu, ambayo jeki huisukuma kwenye kimo cha milimita 1,500 kutoka kwenye msingi.

Ingiza kwanza sifa za vifaa zilizopimwa, si zile zilizoandikwa kwenye michoro. Vipande vya nondo zile zile vivutwe hadi vikatike, na mchoro wote wa mkazo dhidi ya mnyooko wake uingizwe. Kuhusu zege uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu sisi huponda sampuli za michemraba ilhali modeli nyingi za programu huhitaji nguvu ya sampuli za silinda: zege la C25/30 lina MPa 25 kwa silinda na MPa 30 kwa mchemraba, na anayezichanganya huanza na kosa kabla hata jeki haijasogea. Moduli ya elastiki, yaani kipimo cha ugumu wa zege, nayo hutegemea kokoto, hivyo zege la kokoto za granite za Mwanza lipimwe lenyewe.

Weka mzigo wa wima, uushikilie bila kubadilika, ndipo uanze kusogeza kichwa cha nguzo. Dhibiti msogeo, si nguvu, kwa kuwa nguzo ikishapita kilele cha nguvu yake, nguvu hushuka huku msogeo ukiendelea kukua, na programu inayolazimishwa kuongeza nguvu hapo haiwezi kupata jibu. Mwongozo wa ACI 374.1, wa taasisi ya zege ya Marekani, unataka mizunguko 3 kamili katika kila hatua, kila hatua ikiwa kati ya mara 1.25 na 1.5 ya iliyotangulia, hadi uwiano wa msogeo kwa kimo ufike angalau asilimia 3.5. Kwa nguzo yetu, asilimia 1 ni milimita 15. Hata hivyo, usiipe programu ratiba iliyopangwa. Ipe msogeo uliorekodiwa, baada ya kuondoa kuteleza na kuinama kwa msingi wenyewe. Ugawe katika hatua ndogo, hasa pale mwelekeo unapogeuka.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni jinsi mzigo wa wima ulivyoletwa. Jeki ya juu inayosafiri na nguzo huku ikibaki wima, ikiwa na kN 300, huongeza momenti (nguvu ya kupinda) ya kNm 13.5 chini ya nguzo msogeo unapofika milimita 45, sawa na kN 9 kwenye jeki ya mlalo. Lakini mzigo ukiletwa na vyuma vya kuvuta vilivyofungwa kwenye bawaba usawa wa chini ya nguzo, mstari wa nguvu hupita hapo chini na momenti hiyo haipo. Angalia picha za maabara kabla ya kuamua.

Katika kulinganisha modeli na jaribio, kilele cha nguvu kikilingana bado hujathibitisha kitu. Linganisha ugumu wa mwanzo, eneo la kila kitanzi ambacho mchoro wa nguvu dhidi ya msogeo hukichora katika mzunguko mmoja, ambalo ndilo nishati iliyomezwa, na umbo la kitanzi karibu na msogeo wa sifuri. Vitanzi vya modeli vikiwa vinene kuliko vya jaribio, mara nyingi modeli imedhani kwamba nondo hazitelezi kabisa ndani ya msingi. Ongeza elementi ya kuteleza, yaani kipande cha modeli kinachoruhusu nondo kuteleza, pale nguzo inapokutana na msingi. Kinachofinya kitanzi kinaweza pia kuwa nyufa za mshazari, na hizo zitafutwe katika kumbukumbu za jaribio. Usibadilishe namba yoyote bila kipimo au ufa unaoihalalisha. Kisha endesha modeli hiyo hiyo, bila kugusa chochote isipokuwa vipimo na msogeo, kwa nguzo nyingine ambayo hukuitumia kuirekebisha.