Gharama ya Banda la Kuku la Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Msumari wa Kwanza

Wakazi wengi wa Nakuru na Kisumu wanaotaka kujijengea banda la kuku nyuma ya nyumba huanza kwa kumuuliza fundi atatoza pesa ngapi, ilhali gharama yote huamuliwa na jambo jingine, nalo ni idadi ya kuku watakaolala humo. Kuku wa kienyeji walioboreshwa wanaofugwa ndani hutosheka wanne katika kila mita moja ya mraba. Anayekusudia kuku 24, basi, anahitaji sakafu ya mita 6 za mraba, yaani banda lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na hilo ndilo litakalotumika katika hesabu zote zinazofuata.

Idadi hiyo iamuliwe kwa kuangalia uwezo wa kuwalisha kuku, wala si ukubwa wa ploti. Kuku anayetaga hula takriban gramu 125 kwa siku, kwa hiyo kuku 24 humaliza kilo 3, na mfuko wa kilo 70 hautavuka siku 23. Chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, na ni jambo la kusikitisha kuona banda zuri, lililojengwa kwa akiba yote ya nyumba, likigeuzwa stoo kwa sababu hakuna kilichobaki cha kununulia chakula. Ushauri wangu ni kutenga kwanza pesa za chakula cha miezi miwili na kuziweka kando, kisha kujenga kwa kinachosalia, hata kama banda litakuwa dogo kuliko ulivyotamani.

Ikiwa nyumba ni ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba ipatikane kwa maandishi kabla ya nguzo kuchimbiwa. Mjini ni vyema pia kuuliza katika ofisi za kaunti kuhusu masharti ya kufuga, na kuzungumza mapema na majirani ambao upepo utawapelekea harufu.

Ardhi yenyewe inaweza kupandisha gharama kuliko kitu kingine chochote. Katika tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, udongo mweusi hutanuka unaponyeshewa na kupasuka unapokauka, na mto Nyando unapofurika maji huingia hadi nyumbani kwa watu. Mwenye boma huko hana budi kuinua sakafu juu ya usawa wa ardhi kwa kifusi kilichoshindiliwa vizuri, na gharama ya kifusi hicho huwa haimo katika makadirio ya fundi. Nakuru tatizo ni tofauti, kwani udongo wake wa asili ya volkeno ni mwepesi na huchukuliwa na maji upesi, kwa hiyo mfereji wa kuyaelekeza maji mbali na msingi ni wa lazima. Sakafu ya saruji yenye unene wa sentimita 7.5 kwa banda letu ni takriban mita 0.45 za ujazo za zege, kazi inayokula mifuko mitatu hivi ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Wapo wanaoshindilia murram ili kuokoa pesa hizo, na banda husimama vizuri tu, lakini panya hulichimba. Anayechagua njia hiyo na afukie wavu kuzunguka banda lote hadi kina cha sentimita 30.

Jambo ambalo ningependa kila mjenzi alipe uzito ni wavu. Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii adui asiingie. Mbwa huurarua, nguchiro huupenya palipolegea, nyoka na panya hupita katika matundu yake, na hasara ya usiku mmoja inaweza kupita tofauti ya bei iliyokuwa kati ya wavu huo na wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi. Kuta za banda letu zina mzunguko wa mita 10. Zikijengwa kwa matofali hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, na banda likiwa na kimo cha mita 2, panapobaki kuzibwa ni mita 14 za mraba, mlango ukiwemo. Wavu huuzwa pia kwa mita, na palipo na jirani anayejenga, kununua bunda zima la mita 30 na kugawana huwa nafuu.

Sehemu hiyo yote si lazima iwe wavu. Kisumu iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, na joto lake huwatesa kuku, kwa hiyo pande zote ziachwe wazi kwa hewa. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi na usiku wake ni wa baridi. Huko upande unaopigwa na upepo unaweza kuzibwa kwa mbao hadi karibu na paa, na pande nyingine zitundikiwe magunia yanayokunjwa asubuhi. Kotekote, urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Uamuzi huu wa mwisho hauongezi hata shilingi moja, mradi ufanywe kabla ya kuchimba.

Paa linaloinama upande mmoja tu ndilo la bei nafuu. Mabati matano ya mita 3 yanatosha, kwani kila bati likilaliana na jingine hufunika upana wa sentimita 75 hivi, na urefu wake huacha upenu wa karibu nusu mita mbele na nyuma. Ukumbuke kuwa namba ya geji ikipanda unene hupungua: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na kwenye upepo mkali litapinda. Mabati yaliyokwisha kutumika yanafaa kabisa, ila yainuliwe juani kwanza ili matundu yaonekane. Upande wa mbao, bei haijasahau marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018, iliyosimamisha viwanda vya mbao vya Molo na Elburgon. Kwa hiyo nguzo zilizotiwa dawa zinunuliwe kwa pembe nne tu, mahali ambapo mchwa wangeanzia, na kwingine zitumike mbao za kawaida.

Kuna vitu vidogo ambavyo fundi hataji na ambavyo kwa pamoja huwa pesa nyingi. Kuku 24 wanahitaji masanduku matano ya kutagia, kila moja sentimita 30 kila upande, na fito mbili za kulalia zenye urefu wa banda, kwa kuwa kila kuku hutaka sentimita 20. Ongeza bawaba, kufuli, vyombo vya maji na chakula, na karibu nusu mita ya ujazo ya maranda ya kutandaza sakafuni. Walio karibu na Ahero hupata pumba za mpunga kwenye vinu, nazo hufanya kazi hiyo vizuri. Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle (kideri) pia iingie kwenye bajeti. Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na dawa ikishachanganywa haiwekwi, hivyo majirani wachange na kuchanja siku moja.

Orodha hii ipelekwe kwenye maduka matatu ya hadiwea, usafiri ukiulizwa pamoja na bei, kisha iongezwe asilimia 10 ya dharura. Malipo ya fundi yaandikwe na yatolewe kwa awamu: baada ya sakafu, baada ya paa, na mlango ukishafungika.

Ujenzi ufanywe Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Zege linyunyiziwe maji kwa siku saba, na kuta zipakwe chokaa na kuachwa zikauke. Vifaranga wa siku moja ni wa bei ya chini lakini hudai bruda, yaani mahali pa kuwalelea, yenye joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, pamoja na makaa au umeme wa kuipasha. Kwa anayeanza, waliofikisha wiki sita hugharimu zaidi dukani lakini hupunguza gharama za nyumbani. Waagizwe siku paa linapoezekwa, kwa maana wauzaji wengi huwa na foleni ya wiki kadhaa.