Kihispania cha Sokoni na Mezani: Anza na Kiswahili Chako

Ukitaka kujifunza maneno ya chakula ya Kihispania, weka Kiingereza pembeni. Wanaopitia Kiingereza huishia kusema *estoy hambre* ("niko njaa", kwa kufuata *I am hungry*), kosa ambalo Kiswahili kingewaepusha. Kihispania husema *tengo hambre*, nina njaa, na *tengo sed*, nina kiu. Muundo ni uleule wetu.

Hatua ya 1: Okota unayoyajua tayari

*Azúcar* ni sukari, *limón* ni limau, *azafrán* ni zafarani, *aceituna* ni tunda la zeituni. Chanzo ni Kiarabu, kwani tawala za Kiislamu zilikuwapo Hispania tangu 711 hadi 1492. Ile *a* ya mwanzo kwenye *azúcar* na *aceituna* ni mabaki ya *al-* ya Kiarabu. Utaikuta tena kwenye *aceite* (mafuta ya kupikia) na *arroz*. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, wao vyote ni *arroz*. Kwa samaki mambo hugeuka: akiwa hai majini ni *pez*, akishavuliwa ni *pescado*. Kwenye hoteli agiza *pescado*.

Andika kila neno pamoja na *el* (la kiume) au *la* (la kike), maana nomino huvuta sifa kama ngeli zetu: *la leche fría*, maziwa baridi. Mtego ni *el agua fría*. *Agua* ni ya kike, ila huchukua *el* kwa sababu inaanza na *a* yenye mkazo. Sifa hubaki ya kike.

Hatua ya 2: Mkazo kwanza, sauti baadaye

Neno likiishia na irabu, *n* au *s*, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo uko mwisho: *arroz*. Kinachokwenda kinyume huwekewa alama: *limón*, *plátano* (ndizi). Usiipuuze alama hiyo. *Papa* ni kiazi, *papá* ni baba.

Sauti nyingi unazo mdomoni. *Ñ* ni ny ya nyama, *j* ni kh ya Kheri, *h* haitamkwi, *v* ni b: *huevo* (yai) hutamkwa "webo". *Z*, na *c* kabla ya *e* au *i*, ni th ya thamani sehemu kubwa ya Hispania. Amerika ya Kilatini ni s.

Hatua ya 3: Chagua nchi moja

Maharage ni *frijoles* Mexico, *porotos* Argentina, *judías* au *alubias* Hispania. *Tortilla* ya Mexico ni mkate mwembamba wa mahindi au ngano. Ya Hispania ni mayai na viazi, karibu na chipsi mayai. Ukichanganya nchi mapema, utaletewa usichokitaka.

Hatua ya 4: Nunua kwa vipimo

*Medio kilo* ni nusu kilo, *un cuarto* ni robo. Buchani Hispania utasikia *cuarto y mitad*. Wengi hudhani ni robo na nusu kilo, yaani gramu 750. Sivyo: ni robo na nusu ya robo hiyo, gramu 375. Sema *¿Me pone cuarto y mitad de jamón, por favor?* (nipimie gramu 375 za nyama ya paja la nguruwe, tafadhali). Mexico tumia *¿Me da…?*

Tunda likiwa *está verde*, halijaiva. *Es verde* ni rangi yake tu.

Hatua ya 5: Nahau, mbili au tatu kwa wiki

Jifunze kila nahau ndani ya sentensi nzima. *El examen fue pan comido*: mtihani ulikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. *Se dio la vuelta la tortilla*: kibao kimegeuka. *Mucho ruido y pocas nueces*, kelele nyingi na jozi (aina ya kokwa) chache, ni ndugu wa debe tupu haliachi kuvuma.

*Le dio calabazas* maana yake alimtolea nje aliyemtongoza. Ukiongeza *unas* kabla ya *calabazas*, umesema alimpa maboga kweli. *Me importa un pepino*, sijali hata kidogo, huwakwaza wengi kwa sababu kitenzi hufuata kile usichokijali, si wewe: *me importan un pepino sus gritos*, kelele zake hazinishughulishi.

Ukimkuta mtu anakula akakuambia *¿Gustas?*, hiyo ni karibu yetu ya adabu, na hailazimishi kukaa. Hispania jibu *Gracias, que aproveche* (asante, mlo mwema). Mexico, *Gracias, provecho*. Ukiwa wewe unayekula na aliyepita ni mtu mzima, mkaribishe kwa heshima: *¿Gusta?*