Ukitaka kuandika historia ya Rifaineri, anza na sufuria

Marehemu baba aliacha ovaroli mbili na kofia ngumu nyuma ya mlango. Tangu hapo nakusanya habari za kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa. Juzi vijana wawili wamenipigia wakiuliza waanzie wapi kuiandika historia yake.

Jua majina kwanza. Mimi niliteketeza siku nzima kwenye magazeti ya 1963 nikitafuta "Kenya Petroleum Refineries", nisipate kitu. Kumbe jina hilo ni la 1983. Shell na BP walipoianzisha kampuni 1960 iliitwa East African Oil Refineries. Sisi wa Changamwe twaita Rifaineri tu, tukamaliza.

Halafu tafuta mzee aliyefanya kazi mitamboni kwa mikono yake. Usimuulize kiwanda kilifunguliwa lini, atakutajia mwaka aliooa. Muulize zamu ya usiku. Mimi nilikaa barazani kwa mzee mmoja wa Chaani aliyefanya kazi na baba. Nikampa shikamoo, nikamuuliza mafuta ghafi, yaani yalivyotoka ardhini, yalisafishwaje. Akamwita mjukuu alete sufuria na mfuniko.

"Ghafi ukiipasha moto, mwanangu, nyepesi hupanda: gesi, petroli. Hapa katikati mafuta ya taa, chini yake dizeli." Akagonga kitako cha sufuria kwa kijiko, mara mbili. "Na huku ni mafuta mazito. Haya ndiyo yaliyotumaliza."

Neno kama hilo liandike lilivyo, na kijiko chake, kisha nenda ukalipime. Nililipima. Kiwanda kilianza kazi 1963, na 1974 kikaongezwa sehemu ya pili, lakini hakikupata mtambo wa kuyavunja yale mazito yawe petroli au dizeli. Viwanda vikubwa vya India na Ghuba vinao. Mafuta mazito kwa kawaida huuzwa chini ya bei ya ghafi yenyewe, kwa hiyo kila shehena iliyoshushwa kwenye gati ya mafuta ya Kipevu ilikuwa na fungu la hasara ndani yake. Mzee alikuwa sahihi.

Swali ambalo wengi hulisahau: ghafi ilikuwa mali ya nani? Kwa miaka mingi haikuwa ya Rifaineri. Kampuni za mafuta zilileta yao na kulipa ada ya kusafishiwa, kama unavyopeleka mahindi kinuni, ukamlipa msagaji na unga ukarudi nao nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa serikali ilizilazimisha kampuni kupitisha sehemu ya mafuta yao kinu hicho hicho, hata pale mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo yalipokuwa nafuu. Usipolielewa hili, magomvi yote ya baadaye utayaona ni siasa tupu.

Umiliki uupitie haraka. Serikali ilichukua nusu 1971, na kampuni ya Essar ya India ikanunua nusu nyingine 2009. Mpango mkubwa wa kukarabati mitambo ukaishia kwenye karatasi, Essar ikajitoa, na serikali ikabaki na kiwanda chote.

Uwe mwangalifu na neno "kilifungwa". Kusafisha kulikoma Septemba 2013, ila matangi yaliendelea na kazi. Ghafi ya Turkana iliyoletwa kwa malori kutoka Lokichar iliwekwa humo, kisha Agosti 2019 ikapakiwa melini. Yaani mafuta ya Kenya yenyewe yalifika Rifaineri yakakuta moto umezimwa, yakapita yalivyo.

Nilipomsimulia mzee hilo, hakusikitika kama nilivyotarajia. Aliuliza kitu kimoja: "Ile ghafi ya Turkana ina nta, ikipoa yaganda. Nani alikuwa zamu ya kuyapasha matangi?"

Jumamosi naenda Miritini kumtafuta mtu huyo.